Kijiti cha Wizi

Baba alikileta mfukoni mwa koti la jikoni,
kijiti kimoja ndani ya kitambaa kilicholowa,
kutoka nyumba ya wageni ya mgodi
alikowapikia wakubwa wa shaba.
"Rozimari," alisema.
Mama akasikia Rozi na Mari,
akauliza hao wanawake wawili ni akina nani.
Hivyo ndivyo ilivyoingia kwetu Kilembe: kwa kesi.

Mimi alinifundisha kukata.
Si tawi changa linalopinda kama mkia wa mjusi,
si lile gumu lililokwisha kuwa kuni;
la katikati, urefu wa kiganja.
Vua majani ya chini. Choma kwenye mchanga,
mchanga wa mto, si udongo mweusi wa migomba,
kisha zuia mkono wako na kopo la maji.
"Huu mti," alisema, "hufa kwa kupendwa."

Nilipoolewa nilikwenda na tawi.
Nikatafuta pa kokoto, pa jua, panapokauka upesi,
nikapapata: ukingoni mwa Nyamwamba.

Mama mkwe Kabugho alichambua sindano zangu sahanini
moja moja, kama miiba ya samaki,
akazipanga pembeni, kumi na tisa, nizione.
Nikajifunza kunyamaza na kusaga:
majani, kitunguu saumu, chumvi ya Katwe,
jiwe juu ya jiwe mpaka yapoteze sura.
Nikapaka paja la mbuzi, nikalilaza usiku kucha.
Aliomba tena. Akaomba tena.
Amekufa hajui alichokula.

Biira wa nyumba ya juu alikuja kwa heshima,
kanga mpya, sauti ya kanisani:
"Dada, nikatie kijiti."
Nikamwambia haikomai upesi hii, bado ni changa.
Ilikuwa inanifika kiunoni.

Haukupita mwezi nikakuta kidonda cheupe kwenye tawi,
kimekatwa mshazari, kwa kisu kikali,
kazi ya mtu aliyenitazama vizuri nikikata.
Wiki nzima nilifagia uani nikitukana kwa sauti,
uso nimeuelekeza mlimani.
Miaka minne tukasalimiana kwa nyusi.

Kisha usiku mmoja mto ulishuka na mawe.
Haukubisha hodi.
Ulichukua jiko, kuku, migomba sita,
ukachukua koti la baba msumarini,
na kichaka, na kokoto zake, na mahali pake penyewe;
asubuhi palikuwa na mwamba mkubwa kama lori
umekaa kana kwamba ndiye mwenye kiwanja.
Watu walinipa pole kwa ajili ya jiko.
Nikapokea. Ningeanzaje kusema nalilia jani?

Wiki ya tatu, nikikwangua tope kwenye sufuria,
upepo ulishuka kutoka juu,
na ndani ya upepo baba alikuwa anapita,
kola imechakaa, mikono ina mafuta,
anarudi zamu ya usiku.

Nilipanda na tope langu miguuni.
Biira alikuwa anakoroga viazi na mbuzi.
Hakugeuka. Alisogeza kigoda kwa mguu.
Nikakaa. Nikaonja kwenye ncha ya mwiko.
"Umezidisha," nikasema.
"Na wewe ulizidisha matusi," akasema.
Tukala. Tulikuwa na njaa sote wawili,
na mwenye njaa hajui kununa na kutafuna pamoja.

Nje, ndani ya debe la rangi lililotobolewa chini,
ilisimama: ya buluu kwa maua, nyuki wamejaa,
ndefu kuliko yangu ilivyowahi kuwa.
Nikaigusa. Nikanusa vidole.
Nilitaka kuomba; kinywa kikagoma.

"Bado ni changa," alisema Biira,
"haikomai upesi hii,"
akapangusa kisu kwenye kanga yake
akanipa, mpini mbele.