Kasha Nambari 510510

Lori la tisa tangu isha. Mvua ya Mei.
Kasha la bluu, pembe zimeliwa na kutu,
harufu ya vitunguu vilivyochoka safarini,
na ubavuni, kwa rangi nyeupe: 510510.
Dereva wa Mariakani anapiga honi.
"Dada Mishi, gonga muhuri twende."
Ngoja.

Naigawa kwa mbili, inakubali.
Kwa tatu, inakubali. Tano. Saba.
Kumi na moja, hapo nyingi hugoma,
hii inakubali. Kumi na tatu.
Kumi na saba, na hakubaki hata chenga ya kufagia.

Mwalimu Bwanakheri, darasa la sita, Ganjoni,
alituambia: hizi ndizo namba tasa,
hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe.
Nikauliza, kwa nini tasa?
Akafuta ubao. "Kwa sababu hazizai."
Dawati la nyuma likaangua kicheko.
Sikujua kwamba neno hilo
litanifuata hadi Kisauni, jikoni kwa mavyaa,
likae nami mkekani kwenye arusi za wenzangu,
miaka kumi na moja,
mimi nakuna nazi, wao wananihesabia.

Mwalimu, njoo uone.
Tasa saba wamekutana kwenye bati hili,
mara, mara, mara,
na sasa ni laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi,
yenye vigawo mia moja ishirini na vinane.
Sinia la biriani. Waje saba,
waje kumi na saba, waje mia na wawili,
hakuna atakayetazama fungu la mwenzake.

Dereva ameshazima injini.
Bado kuna hili: 714 mara 715.
Majirani, ukuta kwa ukuta,
wakizidishana inatoka hii hii.
Vunja wa kwanza: mbili, tatu, saba, kumi na saba.
Vunja wa pili: tano, kumi na moja, kumi na tatu.
Jumlisha huku, ishirini na tisa.
Jumlisha kule, ishirini na tisa.
Milango miwili, kisima kimoja,
na fundi aliyepaka rangi wala hakujua.

Nikaongeza moja. 510511.
Wale saba wakarudi nyuma wote,
kila mmoja ameacha moja mlangoni.
Nikasema, basi, hii nayo ni tasa.
Stakabadhi inalowa, wino unakimbia.
Nikajaribu kumi na tisa.
Ikaingia.
Ikaacha 26869, na humo ndani
97 na 277 wamekaa kimya
kama wapangaji asiowajua mwenye nyumba.

Walionipa jina, walijaribu mpaka ngapi?

Nagonga muhuri. Lori linapasua dimbwi
kuelekea Changamwe, na kasha jingine
linasogea chini ya taa: 482093.
Witiri.
Nakunja mkono wa koti, naanza na tatu.