Namba Saba

Vumbi la chokaa la Pongwe lilikuwa bado limelala
tuliposhusha bunduki kumi na moja kutoka kwenye Landrova,
zimeviringishwa mablanketi ya kijivu kama wagonjwa.
Mimi, karani, nilikuwa na ubao, kalamu mbili,
na karatasi za miduara minne, mmoja ndani ya mwingine.

Machimbo haya yaliachwa zamani. Ukuta wake mweupe
unameza risasi bila kulalamika.
Fundi Semkiwa alipima mita mia moja kwa kamba,
akarudi, akapima tena.
"Mguu una siku zake," alisema. "Kamba haina."

Kila bunduki, risasi tatu. Haishikwi begani; inalazwa
juu ya mifuko ya mchanga tuliyoishona kwa magunia ya mkonge,
ili mtu aondolewe kwenye hesabu:
pumzi yake, mkono wake, deni lake la dukani.
Kinachobaki ni chuma na karatasi.

Namba moja ilipanda vidole viwili. Semkiwa akageuza skrubu robo.
Namba mbili, sawa.
Namba tatu haikupigwa kwanza: mdomoni mwa mtutu
nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo,
na Semkiwa akaitoa kwa kijiti, taratibu,
kama anayemtoa mtoto punje sikioni.
Tulikunywa chai. Kwa pamba masikioni
hata kuombana sukari ni ugomvi.

Koplo Kaoneka alikaa ubavuni mwa gari, kofia magotini.
Sote tulijua namba saba ni yake.
Ndiyo aliyokuwa nayo Machi, usiku ule wa mpunga,
kiboko alipochomoka kwenye matete ya Mto Pangani
na Mhina yuko mbele, ameshika tochi.
Risasi ilikwenda kushoto.
Ripoti niliipiga chapa mimi mwenyewe:
*Bunduki ina kasoro. Inavuta kushoto.*
Sentensi hiyo ndiyo iliyomlaza Kaoneka usingizi
miezi mitano.

Saa sita kasoro robo, Semkiwa akailaza namba saba.
Moja.
Mbili.
Ya tatu ilichelewa; alikuwa anafuta jasho.

Tukatembea hadi kwenye karatasi, hakuna aliyetaka kutangulia.
Mashimo matatu yalikuwa yamegusana,
katikati kabisa, kama jani la kunde.
Ningeyafunika kwa sarafu ya shilingi mia mbili.

Semkiwa alitoa bisibisi mfukoni. Akaiangalia.
Akaiangalia kalamu yangu.
Robo tu ya skrubu, risasi tatu nyingine,
na ukweli ungehamia kushoto,
na mtu angelala.
Upepo ukainua vumbi, ukatupaka wote nyusi za uzee.

"Andika," alisema Kaoneka.
Nikajifanya pamba imeziba.
Akarudia polepole, silabi kwa silabi,
kama anayemfundisha mtoto jina la baba yake:
"A-ndi-ka."

Kalamu ya kwanza iligoma.
Kwa ya pili niliandika: *Namba saba. Haina kasoro.*

Akabandua karatasi, akaikunja mara nne.
"Mke wa Mhina bado yuko Makorora?"
"Amehamia Chumbageni, kwa dada yake. Mlango wa bati."
"Karibu na msikiti?"
"Nyuma yake."

Zilibaki nne. Tukarudi kwenye mifuko ya mchanga,
na namba nane, tazama, ndiyo iliyokuwa inavuta,
tena kulia; Semkiwa akainamia skrubu zake
akipiga mluzi usio na wimbo.

Kaoneka hakungoja gari.
Tulimwona akiipanda njia ya machimbo kuelekea barabarani,
kwenye malori ya saruji,
kiganja kimebana mfuko wa shati,
anakwenda wima,
havuti kushoto, havuti kulia.