Chaki

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa Kawetere umelalia barabara,
natoka na chaki mfukoni na tochi ya simu.
Siandiki kwanza. Kwanza napita.
Napita kwa Mwalwisi, ubao wake ni mlango wa zamani:
mia nne sitini.
Nashuka hadi kwa Ambokile, yeye huandika kwenye bati:
mia nne sitini.
Narudi, nafuta ya jana kwa kiganja,
naandika ya leo, mia nne sitini,
na bosi akifika na chupa yake ya chai huniuliza neno moja:
"Umepita?"
"Nimepita."

Miaka sita hivyo. Viazi vya Isyonje vikashuka kwa migongo na matoroli,
wakulima wakazunguka mizani zetu tatu
kama wageni kwenye nyumba yenye milango mitatu,
yote ikiingia chumba kimoja.
Madereva walisema Dar kilo imefika elfu moja na mia mbili.
Bei yetu ilikuwa kiziwi wa kuchagua:
ya Dar ikishuka, ilisikia siku hiyohiyo;
ikipanda, iliitwa mpaka anayeita akakaukiwa na koo.

Ndipo akaja mama Silwimba wa Tunduma,
na fuso moja, na mizani ambayo haikuchezewa,
akaandika mia tano na kumi.
Asubuhi ile nilipita na sikujua niandike nini.
Bosi hakumpigia mtu simu, naapa.
Alininyang'anya chaki, akaandika mia sita.
Kesho yake Mwalwisi, mia sita.
Ambokile, mia sita na ishirini.

Siku tisa tulikula nyama.
Mama yangu Subilaga alileta magunia kumi na manne,
akapita mbele ya fuso tupu bila kugeuza shingo.
Simlaumu. Mia sita ni mia sita.
Siku ya kumi fuso likawashwa, likaondoka na upepo ndani yake.
Siku ya kumi na moja nikapita:
kwenye mlango, mia tatu tisini.
Kwenye bati, mia tatu tisini.
Nilirudi polepole.

Mwezi wa sita akaja binti wa Tume ya Ushindani,
viatu vya mjini vimeshika tope jeusi.
Akauliza, walikutana wapi?
Hawakukutana. Bosi na Ambokile hawasalimiani
tangu kesi ya mpaka wa shamba.
Kuna karatasi? Hakuna. Ujumbe wa simu? Hakuna.
Basi nani anapanga bei?
Nikatazama kucha zangu, nyeupe.

Akanieleza, bila ukali, kwamba sheria inatafuta mdomo:
huyu alisema, yule akaitikia.
Watu wakitazamana tu, hilo nalo huitwa soko.
"Na zile siku tisa?"
Kalamu ikasimama.
Hizo, akasema, ndizo ngumu zaidi,
nani ataleta malalamiko dhidi ya mia sita?
Akaomba namba ya mama Silwimba.
Tukapiga wote wawili. Haipatikani.

Juzi niliamka, sikupita.
Nilisimama mbele ya ubao wetu, baridi ikinitafuna masikio,
nikaandika mia nne na kumi, mkono ukitetemeka
kama mwizi anayerudisha kitu.
Ipyana, karani wa Mwalwisi, akaja na tochi yake.
Akamulika. Akamulika tena.
Hakusema kitu, nami sikusema kitu.
Kulipopambazuka, mlango ulisema mia nne na kumi,
na bati likasema vilevile.

Shilingi ishirini.
Bosi akasoma ubao, akachungulia kule na kule,
akamimina chai.
"Umepita?"
"Nimepita."