Shubiri Moja

Globu ya mwanangu ina bonde upande wa Brazili,
aliiangusha siku ileile tuliyoinunua.
Kwingine kote dunia ni nzima.
Nilikata uzi mweusi, ncha moja nikaibana kwa kucha
pale Mtwara ilipopaswa kuwa
(haikuandikwa, nilikisia, kidole kimoja juu ya Msumbiji),
nikauvuta kupita Sudani, kupita jangwa lote,
mpaka Bergen, aliko kaka yangu Nakoma
anakopasua samaki kiwandani, glovu mbili kila mkono.
Nikaulaza uzi juu ya meza ya cherehani.
Shubiri moja, na haikutimia.

Huo ulikuwa mwezi wa Rajabu. Tulicheka simuni.
Alisema ni kilomita elfu nane na mia nne na ushei,
ndege ingenyooka kama uzi wako, saa kumi tu,
ungelala Chikongola ukaamka huku na matongotongo yako.
Ila hainyooki, dada.
Ndege nayo ina majirani wa kusalimia njiani.

Mama alikatika Alhamisi usiku, Hospitali ya Ligula.
Nakoma akasema neno moja: Nisubirini.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa.
Bergen hadi Amsterdam, saa mbili kasoro.
Kukaa pale, saa tano.
Kuja Dar, na kutua Kilimanjaro, saa kumi na moja, labda zaidi.
Dar hadi kwetu saa moja tu, saa moja!
lakini ndege ya kuja huku ni kesho jioni.
Nilijumlisha mara tatu
kama mteja asiyeamini chenji yake.

Imamu hakuitazama risiti.
Atafika kabla ya Ijumaa?
Hatafika.
Basi kata sanda.

Nikakata. Futikamba ni ileile ya magauni.
Idi iliyopita Mama alikuwa futi tano na inchi tatu,
sasa tano na moja.
Sijui zile mbili zilikwenda wapi, na sikumwambia mtu.
Sanda haina pindo. Uzi sikuugusa.

Tulipomshusha ilikuwa saa nane kasorobo.
Yeye, alinisimulia baadaye, alikuwa dirishani,
chini mawingu matupu,
na kwenye kioo cha kiti cha mbele
kindege cha kuchora kinatambaa juu ya ramani,
kinamwandikia: umebakiza saa tisa na dakika kumi na mbili.
Akajiuliza, kufika wapi.

Jumamosi akashuka na koti la baridi mkononi.
Hakutaka chai. Tukaenda makaburini na tochi ya simu.
Akachutama, akatanua vidole,
akapima ule udongo toka kichwani hadi miguuni,
shubiri moja, ya pili, ya tatu.
Alipofika saba nikageuza tochi upande mwingine.

Amekwisha kurudi. Aliniachia koti; nani avae koti Mtwara?
Ule uzi wa globu sikuutupa.
Jumatatu Bi Nampota alikuja juu,
shati la shule la mwanawe halijawa tayari wiki ya pili.
Nikautunga sindanoni.
Ulitosha vifungo viwili.