Uzi wa Nane

Alibeba boksi lake mwenyewe:
mpungate, kikombe chenye ufa, kalenda ya benki.
Zdravko hakuaga.
Tulisikiliza viatu vyake ngazi kwa ngazi
hadi mlango wa chuma ukajibamiza huko chini.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tuliona haya kidogo,
hasa mimi niliyeiandika ile barua
ya sahihi saba.

Jumatatu Penka aliimba.
Miaka sita meza yangu na yake zinagusana,
sikujua ana sauti.
Rangel aliingia saa tatu kasoro dakika mbili,
theluji mabegani, na hakikusikika kile kikohozi
kikavu, kifupi,
kama mhuri ukigonga bili.
Tukafungua dirisha lililokatazwa.
Plovdiv nzima ikaingia ofisi ya maji:
harufu ya mkate, honi, kengele ya kanisa,
na baridi, lakini nani alijali baridi?

Mchana tulikula supu ya maharage
na nyama ya Zdravko.
Jinsi alivyohesabu vijiko vya sukari.
Jinsi alivyomrudishia Bisera ripoti mara nne
kwa ajili ya nukta.
Tulimla wiki mbili, tukicheka hadi machozi.
Wiki ya tatu ikabaki mifupa.
Vijiko vikasikika vikigonga bakuli.

Paka akiondoka panya hutawala, ndiyo,
ila hatukuambiwa
kwamba panya nao wana vikao virefu.
Bisera anataka dirisha wazi.
Kamen ana mgongo, anataka lifungwe.
Mtu amemaliza kahawa, hasemi.
Bili za mtaa wa kinu zimetumwa mara mbili,
na simu zinalia, zinalia,
kila mmoja akimtazama mwenzake
kama mwenye zamu.

Tarehe mosi Machi Penka alileta nyuzi,
nyekundu na nyeupe zilizosokotwa,
tukafungana mikononi kama kila mwaka:
afya, afya, mpaka tumwone korongo wa kwanza.
Mikono saba.
Bahasha ikabaki na uzi mmoja.
"Mazoea," alisema Penka, akageuka upesi.
Mwaka jana Zdravko aliuvaa wake
mpaka Juni, ukiwa umechakaa, wa kijivu,
na sisi tukasema: hata korongo wanamkwepa.
Sikukumbuka hilo kabla ya leo.

Nikaufunga kwenye kitasa cha dirisha,
dirisha ambalo siku hizi haliko wazi wala halijafungwa.
Hakuna aliyeuliza.

Kisha Rangel akaingia, saa tatu na robo,
anatabasamu, mkate mkononi.
Sikusema kitu.
Niliangalia tu ukutani ilipo saa,
na koo likaniwasha, naapa, liliniwasha tu,
likatoka:
kavu, fupi.

Penka akaukata wimbo katikati.