Mizani Kumi na Nne

Daftari letu ni la kurasa mia mbili, ganda gumu,
mgongo nimeushona mwenyewe kwa uzi wa jinzi.
Hukaa kwangu Mabatini, chini ya cherehani,
kisha hushuka Mwaloni kwa Nyanjige,
huvuka na meli hadi Nansio kwa Bugingo,
hupitia Igoma kwa Lugembe,
hurudi ndani ya bahasha ya kaki, linanuka dagaa,
na pembeni mwa kila ubeti kuna mtu amepita.

Bugingo hutumia penseli ya zahanati.
Huandika kidogo, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa:
"Hapa sijui. Labda ni mimi."
Lugembe, mlinzi wa usiku, ana kalamu nyekundu
na neno moja kwa kila kitu: "Moto!"
Kuna siku niliandika hesabu za duka humo kwa kujisahau,
zipu sita, shilingi elfu tatu.
"Moto!"
Tunamcheka. Lakini kuna usiku
nimefungua daftari kwa ajili ya neno hilo tu.

Nyanjige hupima dagaa.
Vidole vyake huhesabu silabi juu ya gunia
huku mdomo unabishana bei na Mkongomani.
Kwake hakuna shairi zuri.
Kuna lililotimia, na lililopunjwa.

Mwaka jana niliandika:
*Nilipokuzika mama, ziwa nalo likalia.*
Bugingo akapiga mstari mwembamba chini yake.
Lugembe, unajua.
Nyanjige akaandika kwa bluu, akikandamiza
hadi maneno yakatokea ukurasa wa pili:
"Mizani sawa, kina sawa. Ila ziwa halikulia.
Nilikuwepo. Wewe ulikuwa uani unahesabu sahani
za kuazima, zisije zikapotea."

Wiki tatu sikumpa salamu.
Nilizunguka njia ya juu nisipite Kirumba.
Nilimwambia jirani yangu wa kibanda kwamba yule mama
hajui machungu, anajua mawe ya kilo.
Wiki ya nne, nikipinda suruali ya mtu,
mguu ukanisimama kwenye pedeli:
*Nilipokuzika mama, nilihesabu sahani.*
Nane na nane.
Nikalia pale pale, kwa mara ya kwanza tangu matanga,
mwenye suruali yuko kwenye benchi, anasubiri,
anatazama dari kwa adabu.

Mwezi huu daftari limechelewa.
Nyanjige ameandika ubeti mmoja.
Bugando, wodi ya watoto. Mstari wa mwisho:
*Kitanda kile cha chuma, mwanangu hayumo.*

Nane na sita.
Yeye, ambaye hajawahi kumpunja mtu.

Neno dogo tu, silabi mbili, lingetimiza.
Pembeni naona penseli ilishaliandika: *tena*,
kisha ikajifuta. Karatasi imechubuka,
vumbi la raba bado liko kwenye mshono.
Lugembe hakuandika moto.
Kuna nukta nyekundu tu, pale kalamu iligusa
ikainuka.

Nimehesabu mara mbili, kwa vidole, kama alivyonifunza.
Nimeandika chini kabisa, kwa herufi ndogo:
"Kumi na nne. Nimeona. Iachwe."

Kisha nimefunika cherehani, jua bado liko utosini,
na safari hii daftari sikulituma na mtu.
Nimeshuka nalo mwenyewe hadi Mwaloni.
Nyanjige hakuniuliza kitu.
Alinitupia ncha moja ya gunia,
nikalishika mdomo wazi,
naye akamimina.