Yasiyoingia Katika Kumbukumbu

Mkutano ulifunguliwa saa moja na dakika kumi usiku.
Hilo nililiandika.
Sikuandika kwamba Winnipeg nje ilikuwa imeganda hadi sauti,
wala kwamba Dov Perlmuter, mwenyekiti wetu,
aliingia na barafu kwenye kope
akakung'uta viatu mlangoni
kama mtoto anayeogopa kugombezwa.

Ajenda ya tatu: boila ya bwawa imekufa.
Itengenezwe, au bwawa lifungwe?

Mweka hazina aliwasilisha hesabu.
Bluma Zaretski alizisoma kama mtu asomaye wasia,
akafunga faili, akavua miwani.
"Baba yangu alijifunza kuogelea humu akiwa na miaka sitini na moja.
Utotoni alivushwa mto mgongoni mwa kaka yake,
vita vikiwaka nyuma yao.
Yeye alifika ng'ambo. Mgongo haukufika.
Miaka hamsini na tatu akaoga kwa kopo.
Kisha akaanza kuja hapa, kila Jumanne, na taulo lake la kijani,
akimng'ang'ania mabegani mwalimu, binti wa miaka kumi na tisa,
mpaka siku moja akamwachia."
Akavaa miwani.
Hesabu bado zilisema hapana,
na mwandishi wake ni yeye.

Rodolfo Magsino hana babu katika picha za ukumbini.
Alikuja kwa kuwa chekechea ilikuwa na nafasi mbili
na yeye ana pacha, na zamu za usiku hospitalini.
Sasa kila Ijumaa pacha hurudi na mkate wa kusuka,
na mama mkwe wake, rozari mkononi,
hununa ikiwa hauna zabibu kavu.
Yeye hakutoa hotuba. Aliuliza tu:
"Bomba lenyewe linauzwa wapi?"
Magoti ya suruali yake yalikuwa na vumbi.
Kumbe alikwisha kutambaa chini ya bwawa na tochi.

Ilana Guberman alipinga.
Ilana hupinga hata chai ikiwa ya moto.
"Kuna wazee wanaohitaji gari la chakula cha mchana.
Mnataka kupasha maji moto?"
Alitua hapa kutoka Odesa na kijaluba cha sindano,
wakampa koti la kahawia,
ndani ya ukosi limeshonwa jina: E. Fishbein.
Miaka thelathini amemtafuta E. Fishbein,
katika daftari za wanachama, makaburini, kwenye harusi za watu.
Hajampata.
Basi yumo katika kila kamati,
analipa deni lisilo na mdai.

Dov hakusema kitu. Nyuma ya kiti chake,
kupitia mlango wa kioo, vinaonekana vigingi vya makoti ya watoto.
Juu ya cha nne kuna pea, rangi imebabuka.
Mwalimu alimchorea yeye, mwaka alipolia wiki mbili mfululizo.
Pea lilitosha.

Kura: watano ndiyo, mmoja hapana.
Na aliyesema hapana ndiye aliyetangulia kutoa kitabu cha hundi.
"Maji mmeyavulia nguo," akasema, akiandika kwa hasira,
"nani atawaacha mkae uchi?"

Katibu hapigi kura. Katibu haulizwi.
Lakini mama yangu, mwaka ule wa mwisho,
aliponiita dada, kisha bibi, kisha hakuniita tena,
alikuwa bado anaijua namba ya kufuli la kabati lake, la mia na kumi na nane:
kushoto kumi na saba, kulia nne, kushoto thelathini.
Aliitamka taratibu, akinitazama,
kama mtu anayetaja jina la mwanawe.
Nililifungua. Kofia ya mpira. Kitana.

Mkutano ulifungwa saa tatu kasorobo.
Nilishuka chini, taa sikuwasha,
nikatia mkono majini hadi kiwiko.
Baridi kweli.
Rodolfo alikuwa ameacha tochi yake ukingoni.